Mgeni Aliyezitaja Nyaya za Konokono

Fundi aliponiambia kwa simu, "Shemeji, tulia. Mtoto wa Mbukusu akilia hivyo, hiyo si stima. Hiyo ni jina," hapo ndipo nilifika mwisho. Kuna kitu kilikatika ndani yangu, na nafikiri hata yeye upande ule wa simu alikisikia. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika mahali watu wa kanisa letu wanaweza kuyasoma, halafu nikamkatia simu.

Ninayoyaandika hapa yalitokea. Nayasema mapema kwa sababu nawajua watu. Wakisikia habari za marehemu wanavuta kiti karibu, na hadithi ikiisha wanaenda kusema ati yule msichana wa Kitale alikuwa hajalala, mtoto alikuwa amemmaliza. Ni kweli, sikuwa nimelala. Lakini nani aliwahi kuota nyaya? Mimi nilisoma mpaka Fomu Foo, na fizikia nilipata D. Leo ukinifunga macho nitakuonyesha kila waya wa nyumba yetu unatoka wapi na unaishia wapi. Hiyo D ndiyo ushahidi wangu.

Nyumba yetu ni gari. Usicheke. Ni lori dogo la Mjerumani, la zamani, lenye nyumba nzima mgongoni: kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati, hata choo kidogo ambacho sisi tunawekea viatu. Wazungu wawili wazee walizunguka nalo Afrika mpaka likawafia Endebess wakielekea mlimani. Walimwachia mkulima mmoja, na miaka ikapita kuku wakitagia ndani. Mume wangu Wekesa ni dereva wa trela za Juba, na aliliona gari hilo akalipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Aliifufua injini, akalileta Kitale, tukaliegesha kwenye ploti ya mzee mmoja pembeni mwa mji. Majirani wakaliita Konokono. Tunakaa humo mpaka tujenge, na Wekesa akiwa likizoni tunaliwasha tunaenda nalo Bokoli kumsalimia mamake, nyumba na sufuria na kila kitu.

Gari kama hilo lina stima mbili. Kuna ya betri, ya taa ndogo na pampu ya maji. Halafu kuna ile ya kuua, inayotoka kwa mwenye ploti kwa kebo ndefu. Zote mbili zinakutana ndani ya kisanduku nyuma ya kiti cha dereva. Nyaya zake zimezeeka, nyingine zimeguguniwa na panya, na hakuna karatasi yoyote iliyosema upi ni wa nini. Wale wazungu waliondoka na akili yao.

Ndiyo maana taa zilipoanza kuzimika zimika, Wekesa alimwita fundi kutoka Bungoma. Huyo fundi ana leseni na ofisi yenye bango, na watu humwita Injinia. Pia ni bakoki wa Wekesa, yaani walitahiriwa msimu mmoja, na kama umeolewa kule unajua maana yake. Bakoki hakosolewi. Bakoki akivunja kikombe chako unamshukuru kwa kukitembelea.

Injinia alikuja na bisibisi na tepu nyeusi. Alikunywa chai, akaunga waya huu na ule, akakuta kwenye kebo waya mmoja wa kijani na manjano, akaukata. Nikamuuliza mbona anaukata. "Huu ni wa urembo tu, shemeji." Kisha akaandika cheti kwamba amekagua stima ya gari lote na iko sawa. Kitu alichokagua vizuri ni chai yangu.

Tangu siku hiyo Konokono likaanza kukwaruza. Ukishika mlango ukiwa umevaa viatu unasikia kama siafu wanatembea kwenye vidole. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa. Akishika sinki, analia. Akishika ngazi, analia. Baadaye akawa analia hata akiwa hajashika kitu. Kila nikimpigia Injinia, jibu ni moja: "Hiyo ni kastima kadogo, hariui mtu." Ndivyo anavyotamka, hariui.

Na mama mkwe naye alikuwa na lake. Kwa Wabukusu, mtoto akilia bila kunyamaza, watu husema kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi, na wanatajataja majina mpaka mtoto atulie. Mama mkwe alikuwa ananiambia kwa simu kwamba anaota ndoto. Mimi wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri, na kwetu mtoto anapewa jina la nyanya yake, mara nyingi nyanya mwenyewe akiwa hai na analishangilia. Nikamwambia mama mkwe bila kupinda maneno kwamba mtoto wangu anaitwa Blessing na hatabeba jina la maiti. Akakata simu. Hakunipigia tena.

Basi siku ile, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nje nafua nepi, Blessing mgongoni. Miguu peku, mikono inatiririka maji. Nikakimbilia sabuni ndani, nikashika mlango. Sikumbuki kuachilia. Nakumbuka nimekaa kwenye matope na mkono wangu si wangu, na mtoto mgongoni akatoa mlio mmoja, kisha kimya. Ule ukimya ndio sitausahau. Nilimfungua nikamtikisa, akavuta pumzi, akaanza kulia, na sijawahi kufurahi hivyo kusikia kilio. Nikaenda kukaa kwenye varanda ya mwenye ploti, ambaye alikuwa shambani na watu wake wote, nikampigia Injinia. Akaniambia habari ya jina. Mengine umeshayasikia.

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, ile saa ya alasiri ambapo Kitale huwa giza ghafla na kuku wanaingia kulala wamedanganyika. Ikaanza mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele mpaka sikusikia kilio cha mtoto mapajani mwangu. Uwanja ukawa mweupe. Na katikati ya mawe hayo nikamwona mwanamke anakuja kutoka upande wa mahindi.

Hakuwa anakimbia. Nani hutembea polepole kwenye mvua ya mawe? Alikuwa mrefu, kitambaa kichwani, koti refu la kaki kama la mwalimu wa maabara, gambuti miguuni. Mikono ameifunga nyuma. Akapanda varanda, akasimama kando yangu, na pua yangu ikapata harufu niliyoijua nikiwa mdogo tulipokuwa tukipita Webuye na baba: harufu ya kiwanda, ya karatasi ikichemshwa. Harufu hiyo ilikuwa imeondoka miaka mingi, tangu kiwanda kifungwe.

Blessing akanyamaza. Si kupunguza, kunyamaza kabisa, macho juu. Yule mwanamke akainama kidogo.

"Wajina," akamwambia, "umesumbua watu."

"Anaitwa Blessing," nikasema.

"Hilo ni la kanisani. Zuri." Halafu akaliangalia Konokono. "Una waya umepotea njia."

Nilifikiri ametumwa na mwenye ploti. Nikamuuliza. Akasema ametumwa na kelele za huyu, akimwelekezea mtoto kidevu. Kisha kwa kidevu hicho hicho akanionyesha plagi ya kebo yetu, pale ukutani, karibu na sikio langu. "Anza hapo. Chomoa. Watu wanakufa wakitafuta fundi na plagi iko karibu nao."

Nilichomoa. Nilijiona mjinga, nitakuambia ukweli. Nilikuwa nimekaa hapo natukana na sikuwa nimefikiria kuchomoa.

Tukavuka uwanja tukaingia ndani ya gari. Ungeniuliza wakati huo kwa nini nilimfuata mtu nisiyemjua, ningekuambia kwamba mtoto alikuwa amenyamaza. Mama yeyote atanielewa. Akaniambia nitoe waya wa betri kwanza, kisha nifungue kisanduku. Nikampa bisibisi. Hakuipokea.

"Mikono yangu ilistaafu," akasema. "Tumia yako. Iko na hasira, itafanya kazi vizuri."

Ndani ya kisanduku kulikuwa na fujo ya nyaya kama nywele za mtu aliyeamka na homa. Nikataka kuvuta ule wa kahawia. Akanizuia kwa sauti tu.

"Huo unaitwa nani?"

"Wa kahawia."

"Hiyo ni nguo yake. Nimekuuliza jina." Nikamwambia sijui. "Basi usiushike kama huujui. Waya hauulizwi rangi, unaulizwa mwisho wake. Ufuate."

Ndiyo kazi tuliyofanya. Nilitambaa. Niliingiza mkono nyuma ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya vumbi la kuku wa Endebess, nikifuata waya mmoja mpaka unapoishia, na hapo tu ndipo aliniruhusu kuutaja. Nikishautaja nakata vipande viwili vya plasta ya kidonda, navizungushia kwenye ncha zake mbili, naandika kwa biro: taa ya kitanda. Pampu. Feni ya jikoni. Alikuwa hakosei. "Huo utapinda nyuma ya sinki, kuna mahali panya amekula," anasema, na mimi nafungua ubao nakuta meno ya panya. Alijuaje? Wakati ule sikujiuliza. Nilikuwa nimejaa vumbi na nilikuwa, sijui nisemeje, nilikuwa na raha. Blessing alikuwa amekaa sakafuni anapiga kifuniko cha sufuria na kumtazama.

Ule wa kahawia ulinipeleka mbali, chini ya sakafu, mpaka kwenye bolti kubwa. Umefungwa kwenye chuma cha gari lenyewe.

"Andika mwili," akasema. Halafu kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu aliyekasirika. "Nyumba zinazojengwa siku hizi, kahawia ndio wa moto, unaobeba stima. Gari la watu hawa, kahawia unaenda kwa mwili. Fundi wako hakuufuata. Aliona rangi akafikiri yuko kwa nyumba ya mtu Bungoma mjini. Ameunga moto wa mwenye ploti kwa mwili wa gari."

Nikauliza maana yake nini.

"Gari lote amelifanya waya. Sinki, ngazi, mlango. Mmekuwa mkilala ndani ya waya."

"Na wa kijani? Alisema ni wa urembo."

Akasonya, msonyo mrefu wa Kibukusu unaotoka tumboni. "Huo ndio unaopokea kichapo badala ya mtoto. Ndio ameukata."

Nilitenganisha pale alipounga. Tulipofika kwenye fiuzi, nilikuta moja imefungwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ati iwe fiuzi. Nikaitoa, nikatafuta fiuzi ya kweli kwenye kopo la Wekesa. Mwishowe akaniambia nichore kila kitu ndani ya mlango wa kabati, kwa makapeni ya kuandikia magunia.

"Sijui kuchora mambo ya stima."

"Si unajua kumchorea mgeni njia ya kuja kwenu? Chora hivyo. Hapa ni kanisa, hapa ni kinu cha posho, hapa kata kushoto. Siku moja huyu atataka kujua."

Nikachora. Nikarudisha waya wa betri, nikabonyeza swichi, na taa ya kitanda ikawaka, ya manjano, imetulia, bila kupepesa. Kwa giza lile la mvua ilikuwa kama mtu ameingia na habari njema. Nilimwekea chai mezani. Akaniambia stima ya mwenye ploti isirudi ndani ya gari hili mpaka wa kijani uungwe na ufike ardhini, kwa chuma kilichopigwa chini. Nikaahidi.

Halafu akamtazama mtoto. "Wajina, sasa lala." Na mtoto, ambaye mimi na mama yangu na kwaya nzima tulikuwa tumeshindwa kumlaza, akalala palepale ameshika kifuniko.

Nikainama kumlaza. Nilipogeuka hayupo. Chai imejaa, imeshika utando juu. Mvua ilikuwa imekata. Nikatoka mlangoni nimshukuru, na hapo, niamini, miguu ndiyo ilinijulisha kabla ya akili. Mawe yalikuwa bado meupe uwanjani kote. Kulikuwa na alama za miguu kutoka varanda mpaka kwenye gari. Zilikuwa zangu peke yangu, peku. Kuelekea kwenye mahindi hakukuwa na kitu. Na nikakumbuka kwamba koti lake lilikuwa kavu.

Sikupiga kelele. Nilirudi ndani nikafunga mlango, nikakaa chini ya ile taa na mtoto, na hofu ikaja ikanikuta nimechoka mno, ikaondoka.

Wekesa aliporudi kutoka Juba nilimweleza yote. Alifungua kisanduku, akasoma plasta moja moja. Ni mwandiko wangu. "Wewe ndiwe umefanya hii?" Nikasema ni mimi na mgeni. Hakubishana. Aliwasha Konokono asubuhi tukaenda Bokoli.

Mama mkwe alinipokea kama mtu anayepokea askari. Hatukuwa tumesemezana tangu yale maneno yangu ya maiti. Nikamweleza hivyo hivyo, kavu. Koti, gambuti, harufu. Alikuwa anachambua maharagwe na mikono haikusimama mpaka nilipofika kwenye mikono ya yule mwanamke, kwamba sikuiona hata mara moja, ilikuwa nyuma muda wote.

"Alikuelekezaje sasa?"

"Kwa kidevu."

Ungo ukatua chini. "Na yeye alimwita mtoto nani?"

"Wajina."

Mama mkwe akafunika uso kwa leso. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. Yule mgeni alikuwa wifi yake, senge wa Wekesa, shangazi kwa Kiswahili, jina lake Naliaka. Alikuwa fundi wa stima kwenye kiwanda cha karatasi Webuye. Huko walifundishwa kuweka mikono nyuma mpaka wahakikishe hakuna moto kwenye waya, na ikamwingia mpaka hata kanisani, hata matangani, alisimama hivyo. Aliugua sukari akafa kabla sijamjua Wekesa.

"Ndotoni alikuwa anakuja ameshika tepu," akasema. "Mimi nilifikiri ni jina tu anataka. Sikujua anakuja na kazi."

"Mama, nilikuongelesha vibaya," nikamwambia.

"Uliniongelesha kama mama wa mtoto. Kula maharagwe."

Jioni hiyo alimshika mtoto akamtajia sikioni: Naliaka. Mtoto akamtazama kama mtu aliyeitwa na anayetaka kumlipa deni, akacheka. Tangu hapo analala usiku wote. Usiniulize kama ni waya au ni jina. Mimi nilitengeneza vyote viwili. Mwenye mtoto hachagui.

Fundi mwingine, wa Webuye, alipiga chuma ardhini pale Kitale, akaunga wa kijani, akapima, akasema sasa lala. Alisimama mbele ya mlango wa kabati muda mrefu. Akaniambia angepewa michoro kama hiyo kila mahali, kazi yake ingekuwa raha. Siku hizi mimi mwenyewe kila msimu nafungua kisanduku, nafuata waya mmoja mmoja, plasta iliyochakaa naibadilisha. Naliaka mdogo huwa amekaa sakafuni ananitazama.

Nawe unayesoma, sikia. Usimruhusu fundi yeyote, hata awe bakoki wa nani, akate waya wa kijani mbele yako. Usikubali cheti cha mtu ambaye hakupiga magoti. Nyumba ikikukwaruza, chomoa kwanza, tukana baadaye. Na ikiwa mtu atakuja kwako katikati ya mvua ya mawe, polepole, mikono nyuma, mpishe aingie, ufanye anavyosema.

Nilipoamua kumshtaki Injinia, Wekesa alisema tuyamalize nyumbani, huyo ni bakoki wake. Nikamwambia bakoki wake alimfunga mtoto wake kwenye stima. Akavaa koti akanipeleka Bungoma mwenyewe, mpaka kwenye ofisi inayotoa leseni za mafundi. Karani alisoma malalamiko yangu, akanirudishia, akaniambia sikujaza nani aligundua hitilafu. Nikajaza, nikagongewa muhuri. Wameshamwita Injinia, na leseni yake imesimamishwa mpaka arudie mtihani. Niliandika hivi:

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kitale. Nalalamika dhidi ya fundi aliyetia sahihi cheti kilichoambatanishwa. Aliunga stima ya nyumba kwenye mwili wa gari tunamoishi. Alikata waya wa ardhi akasema ni wa urembo. Aliweka karatasi ya sigara mahali pa fiuzi. Nilipigwa na stima nikiwa na mtoto mgongoni. Nilipomwambia, alisema mtoto analilia jina. Jina tumempa. Naomba asishike nyumba ya mtu mwingine mpaka ajifunze kufuata waya hadi mwisho wake. Nimeambatanisha mchoro wa nyaya zote.

Aliyegundua hitilafu: Naliaka, shangazi wa mume wangu, fundi wa stima, wa Bokoli. Hana simu. Mkiwa na swali, niulizeni mimi. Amenifundisha."